Wafuasi Ni Wengi, Wasomaji Wako Wapi?

Ukikaa na watu wanaofanya shughuli zao mtandaoni, kuna lalamiko moja utalisikia kabla hujavuta kiti. Mtu ana ukurasa wenye wafuasi 20,000. Kapiga picha nzuri, maneno kayapanga, kaposti. Kesho yake anaangalia: imeonwa na watu 800. Basi hapo anatafutwa mchawi. Mmoja atasema akaunti imebanwa. Mwingine atasema wenye mtandao wanataka alipie. Wa tatu atamshauri afungue blogu, na wa nne atacheka kwamba blogu zilishakufa zamani, nani anasoma siku hizi? Wakitawanyika, kila mmoja anaondoka na alichokuja nacho.

Wote wameshika kipande cha ukweli. Tatizo ni kwamba blogu na mitandao ya kijamii tumezitia kapu moja, tukaliita "mtandaoni", tukasahau kuuliza swali linalozitenga: ukishabonyeza kitufe cha kuchapisha, nani anaamua andiko lako limfikie nani? Hapo ndipo utaelewa kwa nini wafuasi 20,000 wanaweza kuzaa watazamaji 800, na kwa nini andiko lisilo na mfuasi hata mmoja linaweza kusomwa miaka mitano mfululizo.

Tuanze na majina. Blogu ni tovuti ambayo mwenyewe huongeza maandishi mara kwa mara, jipya likikaa juu ya la zamani, na kila andiko likiwa na anwani yake. Watu walikuwa wakifanya hivyo hata kabla jina halijapatikana. Justin Hall, mwanafunzi wa chuo nchini Marekani, alianza kuyaandika maisha yake hadharani mwaka 1994. Jina lilikuja Desemba 1997, pale Jorn Barger alipouita ukurasa wake weblog, yaani daftari la kumbukumbu za mtandaoni, na mwaka 1999 Peter Merholz akalikata kwa mzaha likabaki blog. Sisi tukaongeza irabu, safari ikaendelea. Mwaka huohuo wa 1999 ikaja huduma ya Blogger, na mwaka 2003 programu ya WordPress. Mtu asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo wa kompyuta akaweza kuwa na tovuti yake.

Yale maneno "kila andiko na anwani yake" watu huyapita haraka, na ndiyo yenye uzito. Mwenye kuijua anwani hiyo atafika palepale leo au miaka mitatu ijayo, bila kujiunga na chochote wala kuomba ruhusa. Injini za kutafuta, kama Google, nazo huipitia, huisoma, huiingiza kwenye faharasa yao. Andiko la blogu ni kama kitabu kilichopangwa rafuni na kuandikwa kwenye katalogi ya maktaba: kinaweza kukaa kimya miezi mingi, lakini anayekitaka ana njia ya kukifikia.

Mtandao wa kijamii ni huduma ya kampuni moja ambamo watu hufungua akaunti, huungana na wenzao, na kuona wanachoweka. Facebook ilipoanza Februari 2004 haikuwa mbali sana na blogu: ukitaka habari za mtu, ulikwenda kwenye ukurasa wake, kama unavyomtembelea. Septemba 2006 ikaleta kitu kipya, mkondo. Ukifungua tu, habari za watu wote zimeshakusanywa na kupangwa mbele yako. Watumiaji walikasirika, wakaunda makundi ya kupinga, laki kwa laki. Leo hasira ile imesahaulika kabisa, maana karibu kila mtandao umejengwa juu ya mkondo. Lakini siku ile madaraka yalihama. Zamani msomaji aliamua aende kwa nani. Tangu mkondo uje, kuna aliyekaa katikati.

Huyo wa katikati ndiye anayeitwa algoridhimu, neno linalotisha bure. Ni kanuni za kupanga: kipi kitangulie, kipi kifuate, kipi kisionekane kabisa. Mfikirie kama mshereheshaji wa ukumbi uliofurika. Watu 1,500 wamenyoosha mikono, kila mmoja anataka kuongea, na muda ni mfupi. Kipaza sauti anacho yeye. Hakujui wewe, wala hana kinyongo nawe. Jicho lake liko kwa waliokaa: nikimpa huyu, watabaki au watainuka watoke?

Hiyo 1,500 sikuiokota njiani. Mwaka 2014 Facebook yenyewe ilieleza kwamba kila mtu anapoingia, kuna wastani wa habari 1,500 zinazoweza kuwekwa kwenye mkondo wake, na mkondo huchagua kama 300. Nyingine zote hazionekani, hata kama zimetoka kwa watu aliochagua kuwafuata kwa hiari yake. Twitter na Instagram ziliendelea kupanga kwa saa, la karibuni juu, hadi mwaka 2016, nazo zikahamia kwenye kupanga kwa makisio ya kile utakachopenda. TikTok ikaenda mbele zaidi: mkondo wake mkuu haujali sana unamfuata nani. Kwa hiyo yule wa wafuasi 20,000 akisema "wamenibana", mara nyingi hakuna aliyembana. Yuko kwenye foleni na wenzake 1,499.

Sasa tumchukue fundi baiskeli, tumtazame kwa karibu.

Simu ameiegemeza kwenye kopo, kamera inatazama gurudumu la nyuma. Analizungusha. Ringi inayumba, kila mzunguko inagusa mpira wa breki wa kulia, krr, inapita, krr, inapita. Anachukua spana ndogo ya spoki. Spoki ya kushoto anaikaza robo mzunguko, ya kulia iliyo jirani anailegeza robo mzunguko. Anazungusha tena. Mara ya nne ringi inapita katikati ya breki bila kugusa popote, na karakana yote inakuwa kimya. Sekunde 38. Anaiweka mtandaoni.

Kinachofuata yeye hakioni. Video haitupwi kwa wafuasi wote kwa mpigo mmoja. Inaonyeshwa kwanza kwa kundi dogo, wengine wafuasi wake, wengine hawamjui kabisa, kisha mashine inapima. Wangapi wameipita kwenye sekunde ya pili? Wangapi wamefika mwisho? Yuko aliyeirudia? Aliyeihifadhi? Aliyemtumia mwenzake? Laiki nayo inahesabiwa, ila ni ishara nyepesi, kwa sababu kidole kinaweza kulaiki huku akili iko kwingine. Muda ndio mzito. YouTube ililiona hilo mapema: mwaka 2012 iliacha kutanguliza video kwa idadi ya mibofyo, ikaanza kuangalia watu wamekaa nazo kwa muda gani. Kundi la kwanza likikaa, video inapelekwa kwa kundi kubwa zaidi na kupimwa upya. Likiipita, imeishia hapo. Vipimo kamili kila kampuni huvificha na huvibadilisha inapotaka, lakini umbo la kazi ni hilo.

Tuseme imekubali. Ile ringi kutulia kimya ina raha yake hata kwa mtu ambaye hajawahi kupanda baiskeli. Video inavuka bahari, maoni yanamiminika, wafuasi wanapanda. Fundi ana haki ya kufurahi. Jumatatu anafungua karakana, na waliokuja ni wateja wake walewale wawili. Wale maelfu wako mbali, na magurudumu yao hayajapinda. Siku chache zikipita, mkondo unageukia video nyingine, na ya kwake inazama chini ambako hata yeye mwenyewe inabidi askroli kweli kuifikia.

Wiki hiyohiyo, jioni moja, aliketi akaandika kwenye blogu yake: "Namna ya kunyoosha ringi ya baiskeli iliyopinda." Picha sita, maelezo ya spana ipi inafaa, onyo kwamba spoki ikikazwa mno itakatika, na kwamba ringi iliyojikunja kabisa usiisumbukie, nunua nyingine. Wiki ya kwanza wasomaji ni yeye na mdogo wake. Lakini kila siku, mahali fulani, kuna mtu kaanguka na baiskeli, kainuka, kafungua injini ya kutafuta na kuandika swali hilohilo. Huyu hatafuti burudani. Gurudumu lake limepinda sasa hivi. Atasoma hadi mstari wa mwisho, na kama yuko mji huohuo na mikono imemshinda, chini ya andiko kuna namba ya fundi.

Mkondoni mtu hukutwa na kitu ambacho hakukitafuta. Kwenye blogu huja na haja yake mkononi. Biashara nyingi zinazolia kwamba "mitandao hailipi" zimepeleka jibu kwa watu wasio na swali, na zinazolia kwamba "blogu haina watu" zimeandika mambo ambayo hakuna mtu duniani angeyatafuta. Nimeshaona blogu ya kampuni ambayo maandiko yake yote ni salamu za sikukuu na picha za mkurugenzi akikabidhiana karatasi na mtu mwingine. Nani ataingia kwenye injini ya kutafuta aandike "mkurugenzi akikabidhi karatasi"?

Turudi kwenye wafuasi, maana hapa ndipo penye uongo mwingi. Mfuasi ni mtu ambaye siku moja alibonyeza kitufe. Basi. Huenda alibonyeza miaka sita iliyopita, akabadilisha simu, akasahau nywila, akafungua akaunti nyingine. Huenda alikufuata kwa sababu ya posti moja ya kuchekesha, na hiyo biashara yako hana habari nayo. Namba ile juu ya ukurasa ni historia ya vidole; haikuambii leo yuko nani.

Ndiyo maana kununua wafuasi ni kujichimbia. Watu hudhani hasara pekee ni pesa na aibu ya kugundulika. Kumbuka lile kundi dogo la kwanza. Kama sehemu kubwa ya wafuasi wako ni akaunti hewa, basi baadhi ya wanaoonyeshwa posti yako mwanzoni ni maiti. Maiti haitazami hadi mwisho, haihifadhi, haimtumii mwenzake. Mshereheshaji anaangalia ukumbi, anaona watu hawana habari na wewe, anapokonya kipaza sauti. Umelipa ili upimwe vibaya. Na nchini Marekani biashara yenyewe imeingia kwenye sheria: Agosti 2024 Tume ya Shirikisho ya Biashara, FTC, ilipitisha kanuni inayokataza kuuza na kununua kwa kujua wafuasi na watazamaji bandia kwa ajili ya kujitangaza kibiashara.

"Wanataka nilipie." Hapa kuna ukweli, ila haujakaa sawa. Aprili 2018 Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, alihojiwa katika Seneti ya Marekani, na Seneta Orrin Hatch akamuuliza anawezaje kuendesha biashara ambayo watumiaji hawailipii. Jibu lilikuwa fupi: "Seneta, tunaonyesha matangazo." Karibu mapato yote ya kampuni yake hutoka huko. Wewe unayeposti bure ndiye unayewaleta watu ukumbini. Mwenye tangazo ndiye anayelipia viti. Nafasi kwenye mkondo zina mwisho, kwa hiyo kila anayetaka kuonekana bila kulipa anashindana na walio tayari kulipa.

Na kulipa kwenyewe si kama kununua nafasi gazetini, ambako robo ukurasa ina bei yake na anayelipa ameipata. Kila mtu anapofungua mkondo, unafanyika mnada wa kufumba na kufumbua kwa ajili ya macho yake. Ajabu ni kwamba mwenye dau kubwa hashindi kila mara. Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, hueleza kwamba inachanganya vitu vitatu: dau lenyewe, makisio ya uwezekano wa huyo mtu kufanya unachotaka afanye, na ubora wa tangazo. Tangazo linalochosha linalipishwa kwa kuchosha kwake. Kwa hiyo yule anayeweka pesa kwenye posti ambayo imeshakataliwa na watazamaji wa bure, akitumaini pesa itaifufua, anaibebesha gharama juu ya kushindwa.

Hapo ndipo linapokuja lile la simu kusikiliza maongezi. Umeongea na ndugu yako habari za viatu, jioni unaletewa tangazo la viatu. Lazima kuna kipaza sauti kilichoachwa wazi! Mimi nadhani ukweli unatia wasiwasi zaidi. Tovuti nyingi, blogu zikiwemo, zimewekewa vipande vya msimbo vya kampuni za matangazo, visivyoonekana, ambavyo hupeleka taarifa kwamba kifaa hiki kimepita hapa na kimeangalia hiki. Ongeza mahali simu ilipo, simu nyingine zilizo jirani nayo, na kile ambacho ndugu yako alikitafuta nusu saa kabla hamjaanza kuongea. Hakuna haja ya kusikiliza. Ushahidi wa uzito wa ufuatiliaji huo ulionekana baada ya Aprili 2021, Apple ilipoanza kuzilazimisha programu za iPhone zimwombe mtumiaji ruhusa kabla ya kumfuatilia kwenye programu na tovuti za wengine. Wengi walikataa, na mapema 2022 Meta ikasema badiliko hilo lingeipunguzia mapato yapatayo dola bilioni 10 mwaka huo. Maikrofoni haikuguswa. Uliofungwa ulikuwa mlango wa kumfuata mtu nyuma.

Kufikia hapa unaweza kudhani naipigia blogu debe na kuilaani mitandao. Hapana, maana blogu nayo ina mshereheshaji wake, na anaitwa injini ya kutafuta. Google, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilipata umaarufu kwa wazo kwamba ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine nyingi huenda una maana. Kila kiungo ni kama mtu anayemdhamini mwenzake. Tangu hapo vipimo vimeongezeka sana, na watu nao wamejifunza kuvichezea, ndiyo maana umewahi kufungua andiko la aya kumi zinazorudia jambo moja kabla ya kufikia jibu la mstari mmoja. Lile halikuandikwa kwa ajili yako. Liliandikwa kwa ajili ya mashine. Na tangu 2024 Google imeanza kuweka juu ya matokeo muhtasari uliotungwa na akili unde, hivyo msomaji anaweza kupata jibu lake pale juu na asiubofye ukurasa uliolitoa. Kwa wenye blogu za "jinsi ya kufanya" hili ni pigo, na anayesema halimhusu hajaangalia takwimu zake. Fundi wetu bado ana nafuu, kwa sababu muhtasari hauwezi kumnyooshea mtu ringi.

Kuna njia ya tatu ambayo watu huiona ya kizee: barua pepe. Msomaji akikuachia anwani yake, hakuna wa katikati anayepanga nani apate na nani akose, ukiacha kichujio cha taka. Orodha ya watu mia tatu walioomba wenyewe kuandikiwa naithamini kuliko ukurasa wa wafuasi elfu kumi, na ukitaka kuhama huduma moja kwenda nyingine, orodha unaihamisha nayo. Wafuasi huwezi kuwahamisha.

Kuhama si jambo la kufikirika. Google ilikuwa na huduma iliyowawezesha watu kufuata blogu nyingi mahali pamoja, Google Reader. Ikafungwa Julai 2013. Vine, mtandao wa video za sekunde sita, ukafungwa Januari 2017 na watu waliojijengea jina humo wakaanza upya kwingine. MySpace, ambayo zamani ilikuwa kubwa kuliko Facebook, ilikiri mwaka 2019 kwamba picha, video na nyimbo zilizowekwa zaidi ya miaka mitatu nyuma zilipotea wakati wa kuhamisha seva, yaani kompyuta zinazohifadhi vitu hivyo. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi, kwa kosa la wahandisi wenyewe katika matengenezo, na biashara zilizokuwa zikipokea oda humo tu zikakaa zinatazama skrini.

Mimi nilionja kwa njia ndogo zaidi. Mtandao mmoja uliufungia ukurasa wangu siku kumi na moja. Ujumbe ulisema nimekiuka kanuni, kanuni ipi haukusema. Nilikata rufaa, mashine ikanijibu, nikaijibu mashine. Siku ya kumi na mbili ukafunguliwa bila neno. Sikukasirishwa na kufungiwa kuliko nilivyokasirishwa na kugundua kwamba sina nakala ya chochote nilichokuwa nimeandika mle kwa miaka minne.

Blogu nayo yaweza kupotea, tusidanganyane. Kurasa za watu zilizokuwa GeoCities, huduma ya bure ya kutengeneza kurasa, zilifungwa mwaka 2009 Yahoo ilipoamua basi. Ukiwa na blogu ya bure chini ya jina la kampuni nyingine, uko kwa hisani yao vilevile. Tofauti inaanza pale unapokuwa na jina lako la tovuti ulilolisajili na kulilipia kila mwaka, na nakala ya maandiko yako nyumbani. Hapo hata seva ikikufukuza, unabeba maandiko yako ukayaweka kwenye seva nyingine, na anwani zikabaki zilezile. Msomaji hajui hata kama ulihama. Kusahau kulipia jina hilo, kwa upande mwingine, ni kosa linaloua tovuti za watu wenye akili zao. Weka ukumbusho kwenye kalenda.

Kampuni kubwa zilijifunza nguvu ya maandishi haya kwa kuumia. Juni 2005 mwandishi wa habari Jeff Jarvis alinunua kompyuta ya Dell iliyomsumbua, akaeleza kisa chake kwenye blogu yake. Waliopata masaibu kama yake wakaanza kumiminika kwenye maoni, na kila aliyekuwa akiitafuta kampuni ile mtandaoni alianza kukutana na manung'uniko hayo. Mwaka uliofuata Dell ikafungua blogu yake na kuanza kuwajibu hadharani wanaolalamika. Siku hizi tunaona kawaida mteja kuandika kwenye ukurasa wa kampuni na kujibiwa; wakati ule ilikuwa habari.

Wengine walijifunza mambo mabaya. Mwaka 2006 ilitokea blogu ya watu wawili waliokuwa wakizunguka Marekani kwa gari la kulala ndani, wakiegesha kwenye viwanja vya maduka makubwa ya Walmart na kuandika jinsi wafanyakazi walivyokuwa na furaha. Ikagundulika kwamba safari ililipiwa na kikundi kilichoungwa mkono na Walmart, na kampuni ya mahusiano ya umma ya Edelman ikaomba radhi. Tangu Desemba 2009 miongozo ya FTC imewataja wanablogu moja kwa moja: ukipewa pesa au bidhaa ili uisifie, mwambie msomaji. Washawishi wa mitandaoni wa leo wamo kwenye kanuni hiyohiyo, ingawa neno "tangazo" wengi wao hulificha chini ya alama reli (#) ishirini.

Yamebaki mawili matatu ya haraka. Kufuta posti hakumfutii aliyeshapiga picha ya skrini. Picha kuwa mtandaoni hakuifanyi ya bure; ina mwenyewe, na kuandika "picha: mtandao" si ruhusa. Na kushea bila kuongeza neno hakukuvui lawama mbele ya wanaokufuata: kwenye mkondo wao uzushi umeingia ukiwa na jina lako na picha yako.

Yule wa wafuasi 20,000 bado anasubiri, basi na afanye hivi kabla hajaenda kutafuta mchawi. Afungue takwimu za posti zake kumi za mwisho, aache laiki, atazame safu mbili ambazo watu huziruka: waliohifadhi na waliomtumia mwenzao. Posti iliyohifadhiwa sana kwa kawaida ina jibu ndani yake, kitu ambacho mtu alitaka kukirudia. Hiyo ndiyo aichukue, aiandike kwa urefu mahali penye anwani yake mwenyewe, kichwa cha habari kikiwa ni swali lenyewe kama mteja anavyoliuliza dukani, si kama meneja anavyoliandika kwenye ripoti. Fundi baiskeli alipofanya hivyo aligundua kwamba video ya ringi haikuwa ya kwanza kwa kuhifadhiwa. Ya kwanza ilikuwa ile mbaya, yenye giza, aliyoipiga harakaharaka kuonyesha namna ya kurudisha cheni iliyotoka.